Jicho Lililohesabu Mapigo

Mama Usingizi alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana hospitali nzima: kuuliza. Jina hilo walimpa kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwalaza watu kabla ya kupasuliwa na kuwaamsha kazi ikiisha, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Lakini waliomjua vizuri wangeweza kumwita Mama Maswali na asikasirike. Ukimletea dawa mpya, anataka kujua inatengenezwa na nini. Wakati kitanda kipya cha upasuaji kilipoletwa, alilala chali uvunguni, miguu nje, aone kinavyopanda na kushuka, na fundi aliyeingia ghafla akadhani kuna mtu amezirai. Kwa hiyo siku mhandisi aliposimama mbele ya wauguzi na kusema kamera yake inahesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa bila kumgusa, wote walimgeukia Mama Usingizi na kusubiri.

"Bila kumgusa?" aliuliza.

"Bila waya, bila plasta, bila kubana kidole," alisema mhandisi. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini na saba, mwenye mkoba wenye nyaya nyingi kuliko duka la umeme. "Inatazama uso tu."

"Hata mimi natazama nyuso, binti yangu. Moyo sijauona."

Mhandisi alicheka, akavuta kiti. Alieleza kwamba moyo ukipiga, damu inasukumwa mpaka kwenye ngozi ya uso, na kwa nukta moja ngozi inakoza rangi kidogo sana, kisha inarudi. Jicho la mtu haliwezi kuona tofauti hiyo. Kamera inaiona, na kompyuta inahesabu imekuja mara ngapi kwa dakika.

"Yaani sote hapa tunabadilika rangi muda wote?"

"Sote, mama. Hata sasa."

Mama Usingizi aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kama anayekutana nao kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanawaka na kufifia mbele ya macho yake, na yeye hana habari! Jambo hilo lilimfurahisha kiasi kwamba alisahau kunywa chai yake.

Kamera haikuletwa kwa ajili ya kufurahisha watu, hata hivyo. Ililetwa kwa ajili ya mwoka mikate wa wodi namba nne.

Huyu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na moja ambaye tanuri lake lilipasuka na kummwagia moto. Aliungua mikono yote miwili, kifua, masikio, na miguu pia kwa sababu aliyakanyaga makaa akikimbia. Kofia yake ya kazini na bahati yake viliokoa uso wake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kupona wenyewe. Wa kulia ulihitaji ngozi mpya, ikatwe pajani na kupandikizwa kwenye vidole, na ilitakiwa ifanyike wiki hiyo. Ikipita wiki hiyo vidole vitajikunja, vigande hivyo hivyo, na mtu anayekanda unga kwa mkono wa kulia tangu utotoni atakuwa hana mkono wa kukandia.

Walikuwa wamejaribu mara moja, wakashindwa. Mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa lazima moyo wake ufuatwe kila dakika, na vifaa vyote vya kuufuata vinabanwa au vinagandishwa mahali fulani mwilini. Kwake hapakuwa na mahali. Plasta za kifuani ziliteleza kwenye vidonda. Kibanio hakikuwa na kidole wala sikio la kubana. Skrini ilipoandika sifuri kwa mara ya tatu, daktari mpasuaji aliweka kisu chini, akafunga bandeji, akasema hawezi kumkata mtu bila kujua kama yu hai.

Daktari huyo walimwita Bwana Taratibu. Kwa siku alisema maneno ambayo ungeweza kuyabeba kwenye kiganja, na nusu yake yalikuwa "taratibu". Alipoelezwa habari za kamera alifikiri kwa muda mrefu.

"Wewe utakuwa umeweka kidole kwenye panja lake, kando ya jicho, kama kawaida yako," alimwambia Mama Usingizi. "Kamera itakuwa inatazama. Mkikubaliana, nakata. Mkigombana, naacha."

"Ukiacha, mkono je?"

Bwana Taratibu alikunja vidole vyake vya kulia mpaka vikawa ngumi, akamwonyesha.

Basi Mama Usingizi alijipa siku mbili za kuijua kamera kama mtu anavyomchunguza mkwe. Alimkalisha mbele yake mlinzi wa geti, akampima kwa kidole, akasoma skrini: sabini na mbili, sabini na mbili. Alimpandisha mlinzi ngazi mbio mara mbili, akamkalisha tena akihema: mia na kumi na nane kote kote. Alikwenda kumtafuta mbeba machela ambaye ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya mtu yeyote pale, kwa sababu alitaka kujua kama kamera inabagua.

"Ngozi nyeusi ni ngumu zaidi kwake," mhandisi alikiri. "Ndiyo maana nimeongeza taa." Aliiwasha taa, na namba ya mbeba machela ikaja, ikatulia.

"Ungesema haimuoni ningekufukuza leo leo," alisema Mama Usingizi.

Alijaribu na picha ya mkurugenzi wa zamani iliyotundikwa ukutani. Kamera haikumpa mkurugenzi mapigo yoyote, na mhudumu mmoja akasema hata alipokuwa hai hakuwa na moyo. Kisha akajaribu na mkate. Mke wa mwoka mikate alikuwa ameleta mikate miwili ya shukrani, na mmoja ulikuwa umekaa mezani, mkubwa, umeiva vizuri. Mhandisi aliilazimisha kamera iutazame mkate badala ya uso. Skrini ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: tisini na sita.

"Mkate una moyo!" alipiga kelele mhudumu.

Mhandisi aliona aibu mpaka akataka kuizima mashine. Mama Usingizi alimzuia mkono. Aliuzunguka mkate, akaugusa, akainua macho darini. Feni ilikuwa inazunguka polepole, na kila panga lake lilipopita mbele ya taa, kivuli chembamba kilipita juu ya mkate. Alizima feni. Mkate ukafa.

"Sasa nimemwelewa huyu," alisema akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mchezo. "Hajui moyo ni nini. Anajua kitu kinachorudia rudia. Kazi ya kujua ni moyo au ni feni ni yangu mimi."

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, mwoka mikate aliingizwa. Mkewe alimsindikiza mpaka kwenye mstari mwekundu wa sakafuni ambao ndugu hawaruhusiwi kuuvuka. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi, na hofu ilikuwa imemzidishia. "Dada, huyu mtu nyumbani hajui hata kuchemsha maji. Anajua mkate tu. Ukimnyima mkono huo utakuwa umeniletea mtoto wa pili wa kulisha." Alicheka, kisha machozi yakamtoka kabla kicheko hakijaisha. Mama Usingizi alimwonyesha benchi la ukutani, akamwambia akae, akamfuata mumewe ndani.

Alimlaza vizuri. Mpira wa pumzi ulipita kooni bila taabu, akaufunga kwa plasta mdomoni. Macho nayo aliyafunga kwa plasta ndogo yasikauke, kama anavyowafanyia wote. Kamera ilisimama kwenye mguu wake wa chuma upande wa kushoto wa meza, ikimtazama mgonjwa usoni. Feni ilizimwa. Mama Usingizi alikaa kichwani pa meza, akavua glavu ya mkono wa kushoto, kwa maana alisema kidole kilichovishwa mpira ni kiziwi, akakiweka kwenye panja.

"Sabini na nne," alisema.

"Sabini na nne," alisema mhandisi kutoka kwenye skrini yake.

Bwana Taratibu akakata.

Kwa dakika arobaini mambo yalikwenda kama maji mtoni. Ngozi ilitolewa pajani, nyembamba kama karatasi, ikatandazwa kwenye sahani. Vidole vilisafishwa mpaka nyama nzuri. Kipande cha kwanza kikalazwa juu ya kidole cha mwisho. Kila baada ya muda sauti mbili zilisema namba ile ile, na wauguzi waliacha hata kusikiliza.

Mama Usingizi alikuwa na tabia moja ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Kazi inapofika pagumu, huinama mpaka sikioni kwa mgonjwa na kumweleza kinachoendelea. Wenzake wengine waliona ni kichekesho, kwa kuwa mtu aliyelala hasikii. Yeye alijibu kwamba hakuna aliyewahi kumletea uthibitisho. Basi aliinama, kidevu chake karibu kigusane na kichwa cha mwoka mikate, akasema, "Kidole cha kwanza tayari, bwana. Tulia hivyo hivyo."

"Tisini na mbili," alisema mhandisi. Kisha sauti yake ikabadilika. "Mia na thelathini na moja. Sabini na nane. Mia na kumi na... Mama, inaruka. Haina mpangilio kabisa."

Mama Usingizi alikaza kidole chake. Panja lilikuwa linapiga polepole, moja baada ya jingine, kama mtu anayekanda unga bila haraka.

"Sabini na nne," alisema. "Iko sawasawa."

Bwana Taratibu aliinua mikono yake kutoka kwenye jeraha. "Mmegombana," alisema.

"Daktari, kidole changu hakidanganyi."

"Na moyo ukianza kuruka, kidole kinaweza kuchelewa kujua. Tulipatana."

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Ngozi iliyokuwa kwenye sahani isingeweza kurudishwa pajani, na paja halikuwa na ngozi nyingine ya kutosha. Wakifunga sasa, kitapona kidole kimoja, na hicho kimoja ni cha mwisho, kisichosaidia kitu kwenye unga. Mama Usingizi alihisi hasira ikimpanda, hasira ya kubishiwa na mguu wa chuma. Halafu udadisi wake ukaitangulia hasira, kama kawaida yake.

"Nipe dakika mbili," alisema. "Hiyo kamera inaona kitu. Nataka kujua ni kitu gani."

Bwana Taratibu alitazama saa ya ukutani. "Mbili."

Alikagua feni: imezimwa. Alikagua taa: haichezi. Alinyoosha mgongo ili aione skrini vizuri.

"Sabini na nne," alisema mhandisi. "Imetulia! Imerudi yenyewe."

Mama Usingizi aliinama asikilize pumzi.

"Mia na ishirini na sita. Themanini na moja. Mama, inaruka tena."

Alinyooka. Sabini na nne. Aliinama. Namba ikaruka. Alinyooka mara ya tatu, taratibu safari hii, akabaki ameganda nusu njia kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

"Binti yangu, ule mraba wa kijani unaoonyesha kamera inatazama wapi. Ufungue. Uko kwenye uso wa nani?"

Mhandisi alibofya. Picha ilijaa skrini. Kulikuwa na nyuso mbili, moja imelala na nyingine imeinama juu yake, na mraba wa kijani ulikuwa umekaa barabara kwenye paji la uso la Mama Usingizi.

"Nimeifundisha kamera itafute macho," mhandisi alisema polepole, akijisikiliza mwenyewe. "Tulipoijaribu wote walikuwa macho. Ya mgonjwa yamefungwa plasta. Ukiinama, inaona macho yako yaliyofumbuka, inamwacha yeye."

"Imekupenda, mama," alisema muuguzi wa vifaa, na kicheko kikalipuka mle ndani, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Hata nyusi za Bwana Taratibu zilicheka juu ya barakoa. Moyo wa mwoka mikate ulikuwa mzima. Kidole kilisema kweli. Mkono ungeshonwa.

Mama Usingizi alicheka kuliko wote, bado ameinama. Kisha aliona kwamba Bwana Taratibu ameacha kucheka. Alikuwa anaitazama skrini, ambayo iliandika mia na thelathini na tatu, halafu sabini na tisa, halafu mia na tisa. Kutoka kwenye skrini aligeuza macho, akamtazama yeye.

"Dada," alisema. "Kama ule si moyo wake, basi ni wa nani?"

Jibu lilikuwa limeinama pale pale. Mlinzi wa geti alipimwa, mbeba machela alipimwa, mkate ulipimwa. Aliyekuwa anapima hakuna aliyemkumbuka, wala yeye mwenyewe hakujikumbuka.

Alikaa kwenye kigoda. Bila kuondoa kidole cha kushoto kwenye panja la mgonjwa, alinyanyua mkono wa kulia, akavua glavu kwa kuibana kati ya magoti, akaweka vidole viwili shingoni mwake. Upande wa kushoto moyo wa mtu mwingine ulitembea kwa hatua zilizopimwa. Upande wa kulia kulikuwa na vurugu: mapigo mawili ya haraka, kimya, moja kubwa, matatu madogo, kimya tena. Alikuwa ameshika mapigo ya maelfu ya watu na kama angelikuta hili kwa mmoja wao angemzuia mlangoni. Alikumbuka alivyokuwa akihema kwenye ngazi za ghorofa ya pili na kusingizia uzee tangu mvua zilizopita. Alikumbuka kupepesuka kidogo sokoni, akalaumu jua. Aliogopa. Aliogopa sana, na katikati ya hofu hiyo bado alitaka kuona mawimbi yake kwenye skrini yanafananaje.

"Mganga hajigangi," alisema Bwana Taratibu, kwa upole. "Imebaki saa moja na nusu. Unaweza?"

Neno "naweza" lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi wake. Lilikuwa neno alilolisema maisha yake yote. Alitazama vidole vitatu na gumba vilivyobaki vikisubiri, vyekundu, na ngozi kwenye sahani, na akafikiri: nikianguka katikati, nitamwangusha huyu pamoja nami.

"Siwezi kuahidi," alisema. "Niitieni mwenzangu wa chumba cha uzazi. Wewe endelea, daktari. Mpaka afike nitakaa wima na sitainama."

Daktari akashika sindano. Mhandisi akasoma namba, Mama Usingizi akajibu, na ikawa hivyo kwa dakika kumi na mbili. Kidole cha pili kilifunikwa.

Mwenzake aliingia akifunga kamba za barakoa, mwanamke mnene mwenye sauti inayosikika ghorofa mbili. Kanuni ya kazi yao haina mchezo: hakuna anayeondoka kichwani pa meza kabla hajakabidhi mgonjwa kwa mdomo, kuanzia umri mpaka dawa ya mwisho. Mama Usingizi alikabidhi.

"Mwanamume, arobaini na moja. Ameungua. Mapigo sabini na nne, pumzi nzuri, dawa ya maumivu nimempa saa nne kasoro robo. Ukitaka kuzungumza naye usimwinamie, kamera itakuchukua wewe."

"Nimempokea," alisema mwenzake. "Kuna jingine?"

"Lipo. Mgonjwa wa pili. Mwanamke, hamsini na mbili. Mapigo yanakwenda ovyo, hatujui tangu lini. Hajawahi kupimwa." Aliinuka kutoka kwenye kigoda kwa uangalifu. "Ana akili timamu na anauliza maswali."

Mwenzake alimshika begani, akakaa mahali pake.

"Mama," mhandisi aliita alipokuwa anafika mlangoni. "Zile dakika zako zimerekodiwa. Si za mgonjwa. Nizifute?"

"Ole wako. Nichapishie. Daktari wa moyo atataka kuziona, na mimi nataka kuziona kabla yake."

Korido ilikuwa na mwanga mwingi. Mke wa mwoka mikate alikuwa kwenye benchi, na alipomwona anatoka peke yake, kabla ya wakati, glavu hana, aliinuka kama aliyechomwa. Wanaosubiri nje ya vyumba vile wanajua: anayemlaza mtu hatoki kabla ya mtu wake.

"Mumeo mzima," Mama Usingizi alisema haraka. "Mzima kabisa. Vidole viwili vimefunikwa na vingine vinashonwa sasa hivi. Yuko na mtu mzuri."

"Sasa mbona umetoka wewe?"

"Ninayeumwa ni mimi."

Alikuwa hajalisema kwa sauti bado. Lilitoka jepesi, kama habari za jirani. Mwanamke yule alimtazama kutoka kwenye kofia mpaka kwenye viatu vya plastiki. Alisogeza mfuko wake, akaifuta nafasi kwa upindo wa kanga, akamkalisha.

"Pole, dada yangu. Kwako wanajua?"

"Bado."

"Nani anakusubiri wewe?"

Mama Usingizi, mwenye maswali ya kila kitu, hilo hakuwahi kujiuliza. Simu yake ilikuwa kabatini, nyuma ya mstari mwekundu. Mwanamke akampa ya kwake. Alibonyeza namba kwa kidole kilichokuwa bado na harufu ya dawa, ikaita mara nne, kisha akasikia cherehani ya mumewe ikinguruma na kusimama.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

"Kuna nini? Saa hizi si uko ndani na mgonjwa?"

"Nimetoka," alisema. "Niko kwenye benchi la nje. Njoo ukae na mimi."